Redio, Bamvua na Mwani wa Paje

Mwanasayansi anapoalikwa redioni kwa mara ya kwanza, mara nyingi huchukua mhadhara wake na kuusoma. Mhadhara huo, hata ukiwa sahihi kila neno, umeandikwa kwa ajili ya macho. Msomaji asipoelewa hurudi ukurasa mmoja nyuma. Msikilizaji hana pa kurudi.

Tuchukue mfano wa Paje, mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwaka 1989, kufuatia utafiti wa miaka mingi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakulima wengi ni wanawake. Mbegu za spinosamu, na za kotonii yenye bei nzuri zaidi, zililetwa kutoka Ufilipino. Tangu miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa kwa wingi. Kwa nini?

Mtaalamu atajibu kwamba joto la maji likizidi nyuzi 30 za Sentigredi, mmea hupata dhiki ya kifiziolojia na kushambuliwa na bakteria. Sentensi hiyo haina kosa, wala hakuna atakayeikumbuka ifikapo jioni. Mkulima hapimi bahari kwa kipimajoto. Huijua kwa miguu yake. Basi na aelezwe hivi: wakati wa kaskazi, maji yakipwa sana, yale machache yanayobaki shambani hupashwa na jua. Mwani uliochoka kwa joto hushindwa kujikinga na vijidudu ambavyo vimo baharini siku zote. Matawi hugeuka meupe, hulainika, kisha hukatika. Maelezo haya ni marefu zaidi, lakini yanamwonyesha mkulima jambo la kutazama, na sababu ya kamba zilizo katika maji ya kina kupata nafuu.

Kuna na suala la saa, ambalo wasomi hulisahau kabisa. Katika pwani ya Unguja, maji ya bamvua hupwa hadi mwisho wake karibu na saa nne asubuhi. Kipindi cha mwani kikitangazwa saa hiyo, wanaohusika wako baharini, na redio inazungumza na kuta.

Hata hivyo, redio peke yake haitoshi. Mwaka 1973, huko Bara, kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwaingiza watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza kwa wiki 12. Kipindi kilipokwisha, kijitabu kilisomwa kwa sauti, watu wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Naona nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika majadiliano: pale ndipo swali ambalo mtangazaji hakulifikiria lilipopata kuulizwa.

Mwalimu anaweza kulijaribu hili darasani. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aandike ukurasa mmoja wa kitabu cha baiolojia upya, uwe mazungumzo ya dakika tatu, awasomee wa Kidato cha Kwanza mara moja tu, kisha wao wamsimulie walichosikia.