Zabibu ya Tabora Hukaa Mzingani

Msomaji wa Ipuli, Tabora mjini, ametuuliza swali lenye kijembe ndani yake: kila mwaka mnaandika zabibu za Dodoma, je, sisi Unyamwezini hatuna zabibu yetu ya asili, ya kutoa mvinyo mweupe?

Jamaa wa mzabibu wapo katika mapori ya nchi hii. Ampelocissus, Cyphostemma na Rhoicissus ni mimea ya ukoo huo huo. Lakini hata mvinyo mweupe wa Dodoma hutokana na mgeni, Chenin Blanc wa Ufaransa, kwa hiyo habari ya nani mzawa nani mhamiaji tuiweke kando. Kinywaji cha kwenu kipo, nacho ni wanzuki, pombe ya asali. Zabibu yake huning'inia mtini ndani ya mzinga wa gome, na wavunaji wake wa kwanza ni nyuki wanaozunguka maua ya mtundu, muba na miyombo. Namna nyuki anavyokusanya nekta mlisoma shuleni, naruka. Mimi linalonikosesha usingizi ni hili: asali ina sukari zaidi ya mara tatu ya maji ya zabibu. Mbona haichachuki?

Jibu la kwanza liko njiani, kati ya Dodoma na Tabora. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilipokwisha kuvuka Ugogo iliingia Mgunda Mkali, nyika iliyoogopwa na kila mpagazi kwa sababu visima vyake vilikuwa vichache na vya mbali. Asali ni Mgunda Mkali wa hamira. Karibu asilimia 80 yake ni sukari. Maji, ikiwa imeiva na masega yamezibwa nta, hayafiki asilimia 20, na hayo kidogo yameshikwa na sukari. Chembe ya hamira ikitua humo ni kama mpagazi aliyeingia kambi ya wenye kiu akiwa na kibuyu kilichojaa: kabla hajatua mzigo, kibuyu kimekauka. Maji hutoka ndani ya chembe kwenda kwenye sukari, chembe inanywea na kulala. Wanasayansi huita hali hiyo osmosisi.

Basi mtu angedhani dawa ni kuongeza maji. Hapo ndipo ninapotaka mtulie nami.

Nyuki, anapoichakata nekta, huitia kitu kutoka katika tezi za kichwani mwake, nacho huitwa glukosi oksidesi. Kazi yake ni kuchukua glukosi, oksijeni na maji, kisha kutoa vitu viwili: asidi ya glukoni, inayoipa asali ukali wake wa chini chini, na peroksaidi ya haidrojeni, ile ile inayotoa mapovu ikimwagwa juu ya kidonda. Nekta ikiwa bado mbichi na majimaji, kitu hiki hufanya kazi na kuilinda isioze. Asali inapokauka, nacho karibu kinasimama. Ukirudisha maji, kinaamka! Mwaka 1937 watafiti waliipa nguvu hii ya asali ya kuua vijidudu jina la inhibini, bila kujua ni nini. Mwaka 1963 Jonathan White na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba siri ile ilikuwa peroksaidi.

Yaani mpagazi wetu akishavuka nyika akaona kisima, rugaruga, wapiganaji wenye silaha, wanamngoja pale pale kisimani.

Kabla sijaendelea, nina ugomvi na kamusi. Vitu vya aina hii tunaviita vimeng'enya. Neno limetokana na kumeng'enya chakula, na ni neno tamu, lakini aliyelitunga alikuwa akifikiria tumbo tu. Hiki cha nyuki hakimeng'enyi chakula cha mtu. Kinatengeneza sumu kutoka kwenye sukari. Nilijaribu kukiita kitendesha, nikasikia kama kipuri cha pikipiki. Nikajaribu kiamka, nikajicheka mwenyewe. Basi kibaki kimeng'enya, lakini ujue hakina tumbo.

Sasa wanzuki hupatikanaje? Kwa mbinu ile ile ya Tabora ya kale. Wafanyabiashara wadogo hawakuthubutu kupita peke yao. Walingojana hadi msafara uwe mkubwa. Hamira nayo ina kimeng'enya chake, katalesi, kinachoivunja peroksaidi ikawa maji na oksijeni. Chembe moja haitoshi. Mamilioni kwa pamoja hupita. Ndiyo maana mpika pombe huona faida ya kutia sira ya pombe iliyotangulia: anatuma msafara mzima, si mpagazi mmoja. Vipande vya masega yenye chavua navyo husaidia, kwa kuwa chavua huleta naitrojeni ambayo asali haina ya kutosha, pamoja na katalesi ya ziada. Maji yakichemshwa pamoja na asali, rugaruga wanafia motoni kabla msafara haujafika.

Asali hutofautiana, tena zipo hamira sugu zinazoweza kuichachua asali iliyovunwa mbichi. Na usijitibu kidonda kwa sababu ya makala haya.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Ipuli, usiwaonee wivu watu wa Dodoma. Zabibu ikianguka ikapasuka, maji yake, sukari yake na hamira iliyokuwa juu ya ganda vinakutana palepale chini ya mti, na uchachu unaanza bila kumngoja mtu. Asali ya mzingani inaweza kukaa miaka. Haiwi wanzuki mpaka mtu aje na ndoo ya maji.