Ada ya Vipande Ipigiwe Hesabu Mbele ya Mnunuzi

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, na kutimiza azimio la TANU la mwaka 1973, watumishi wa Muungano, wakiwemo ndugu zetu wa Unguja na Pemba, wanamalizia utumishi wao katika uwanda huu wa kati. Astaafuye hulipwa kiinua mgongo, na siku hizi hushauriwa anunue vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ule wa Umoja ulioanzishwa mwaka 2005. Ushauri huo si mbaya. Kinachotusikitisha ni kwamba wanunuzi wengi huuliza faida tu, ada hawaiulizi.

Thamani halisi ya kipande ni mali yote ya mfuko, baada ya kuondoa madeni, ikigawanywa kwa idadi ya vipande. Tuchukulie kuwa ni Sh 500, na ada ya kuingilia ni asilimia 2. Mstaafu ana Sh 10,000,000. Ada ikikatwa katika fedha yake, zinaondoka Sh 200,000, naye anapata vipande 19,600. Ikiongezwa juu ya bei, kipande kinauzwa Sh 510, naye anapata vipande 19,607 na ushei. Asilimia ni ile ile, hesabu mbili. Tofauti ni ndogo, lakini mwenye mali ana haki ya kujua ni ipi iliyotumika.

Akijitoa kesho yake, na ada ya kutokea ni asilimia 1, kipande kitanunuliwa kwake Sh 495. Kwa hesabu ile ya kwanza atarudi nyumbani na Sh 9,702,000.

Ipo mifuko isiyotoza kitu mlangoni, na hapo ndipo wengi wanapolala usingizi. Mkulima anayepeleka mahindi Kibaigwa anaijua lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo: bei inatajwa ya gunia moja, mahindi yanayoondoka ni zaidi. Ada ya uendeshaji nayo haionekani katika stakabadhi, maana hukatwa katika mali ya mfuko kabla thamani ya kipande haijatangazwa. Ikiwa asilimia 2 kwa mwaka, na mali isipande wala kushuka, zile Sh 10,000,000 zitapungua kwa karibu Sh 960,000 katika miaka 5. (Swala la riba ya hatifungani, ambalo Waislamu wengi wa Visiwani huliuliza kwanza, lina uzito wake, hatuliingilii leo.)

Hatusemi kazi ya meneja ifanywe bure. Lakini Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, haitashindwa kuagiza kwamba kila mnunuzi, kabla ya kutia saini, apewe karatasi moja ya Kiswahili yenye ada zote tatu, ya kuingilia, ya uendeshaji na ya kutokea, zikiwa zimepigiwa hesabu kwa shilingi juu ya kiasi kile kile alichokuja nacho mkononi.