Bustani ya Mboga Wakati wa Jua

Ninyi baba na mama wa vijiji vilivyo karibu na machimbo ya dhahabu na almasi, upande wa Banalia na Bafwasende, maneno haya ni yenu. Mwezi wa Desemba ukiingia, nikipita vijijini, naona bustani nyingi zimeachwa. Kuku wanachakura ndani yake, ua umeanguka. Nikiuliza sababu, najibiwa: «Moniteri, mvua imetuacha, tunangoja mwezi wa Machi.» Hata hivyo wanaume wakirudi toka mashimoni, fedha yao inanunua tomati zilizoletwa kwa pikipiki toka Kisangani, nazo zimepondeka tayari.

Jibu hilo si kweli. Katika Tshopo hakuna mwezi usio na mvua kabisa. Kisangani hupata zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka. Oktoba mvua huweza kufikia milimita 200. Januari hushuka chini ya 100, nayo huja kwa siku chache, kisha jua linawaka siku nyingi mfululizo. Basi mvua haikuondoka. Kazi ya mwenye bustani ni kuyashika maji yake yasipotee.

Tena neno hili huwashangaza wengi: kwa tomati, miezi hii ni bora kuliko miezi ya mvua. Mvua ikinyesha kila siku, majani ya tomati hukaa na maji, yanaota madoa meusi, yanaoza, na matunda pia. Jua huyakausha na ugonjwa unapungua. Mwaga mbegu katika kitalu katikati ya Novemba, chini ya kivuli cha makuti ya michikichi. Miche ikipata majuma manne, ihamishe saa za jioni. Mwishoni mwa Februari utaanza kuchuma. Maji uyamwage chini ya shina, usiyamwage juu ya majani, nawe umwagie asubuhi.

Ukiona mche wa tomati umenyauka ghafula, majani yakiwa mabichi bado, na udongo una maji, kata kipande cha shina, ukitundike katika gilasi ya maji safi. Ikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, huo ni mnyauko unaokaa udongoni. Ng'oa mche, uuchome moto. Pale usipande tena tomati, wala biringanya, wala pilipili. Panda mahindi kwa misimu kadhaa.

Sasa udongo. Watu wanaona msitu mkubwa, wanafikiri udongo wake ni tajiri hata chini. Sivyo. Huko Yangambi, karibu kilomita 100 ukifuata mto kutoka Kisangani, wataalamu wa INEAC, shirika la uchunguzi wa kilimo lililoundwa mwaka 1933, walichunguza udongo huu miaka mingi. Chakula cha mimea kiko katika tabaka la juu, penye majani yanayooza. Ukifyeka na kufagia mpaka pang'ae kama kiwanja cha nyumba, jua linakula chakula hicho na mvua ya kwanza inakichukua kijitoni. (Najua mama wengi wanapenda bustani iliyofagiwa. Fagia kiwanja, bustani iache.) Funika udongo kwa majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, unene wa vidole vinne, lakini usiyagusishe mashina, kwa ajili ya mchwa na konokono. Majivu ya jikoni ni mazuri pia, kwa sababu udongo wetu una ukali: konzi mbili kwa meta moja ya mraba, uyachanganye na udongo kabla ya kupanda.

Maji tuyahesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1. Mboga penye jua kali hunywa kama milimita 4 au 5 kwa siku. Tuta la meta 1 kwa meta 6 linataka basi lita 24 hadi 30, yaani ndoo mbili za lita 15. Hiyo ni kazi nzito kwa mama anayepanda mlima toka kijito, na kwa hiyo nasema bustani ya miezi hii iwe ndogo. Matuta mawili yaliyofunikwa yanashinda sita yaliyo wazi. Wakati wa mvua tuliinua matuta. Sasa yasawazishe na njia, maji yasikimbie. Kabla ya kumwagia, ingiza kidole ndani ya udongo: kikitoka na ubichi, pumzika siku hiyo.

Lakini maji gani? Hapa nawasihi. Maji ya shimo walimosafishia dhahabu msiyatumie, hata yakiwa karibu na mlango. Wachimbaji wengi hushika dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Moshi wake huanguka juu ya majani na udongo. Zebaki iliyoingia ndani ya jani haitoki kwa kuosha. Inaharibu ubongo, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia kuliko wote. Mtu asichome zebaki nyumbani wala karibu na bustani. Chota maji juu ya machimbo, mahali kijito hakijachafuliwa.

Kwa watoto, pandeni lengalenga kidogo kidogo kila baada ya majuma mawili. Baada ya majuma manne mnakata, nazo zinachipuka tena. Matembele na kunde huvumilia jua. Muhogo unashibisha tumbo, lakini mtoto anayekula muhogo peke yake huvimba miguu, na wengine hawaoni vizuri jioni. Majani mabichi yenye rangi nzito, pamoja na mafuta ya mawese, yanalinda macho. Kunde na karanga zinajenga mwili. Sombe ipondwe na kuchemshwa sana, kwa maana majani ya muhogo yana sumu.

Viwavi vitoeni kwa mkono asubuhi mapema.

Kabla ya mvua za Machi, chagueni mimea miwili ya lengalenga iliyo mizuri kuliko yote, msiikate. Ikikomaa, pukuseni mbegu, mzikaushe kivulini siku tatu, mzitie katika chupa kavu pamoja na majivu, mkazibe sana.