Maneno unayoyaona kabla ya kufungua barua pepe yanatoka wapi?

Ukifungua kisanduku cha barua pepe kwenye simu, kila barua huonyesha mambo matatu: jina la mtumaji, kichwa cha barua, na maneno machache ya kudokeza yaliyomo ndani. Wengi wetu huamua kwa maneno hayo kama barua ifunguliwe au iachwe. Lakini ukishaifungua, pengine huyaoni tena. Yamekwenda wapi?

Hayajaenda popote. Yamo ndani ya barua, ila yamefichwa.

Barua nyingi za benki, maduka na mashirika huandikwa kwa HTML, lugha ileile inayotengeneza kurasa za intaneti. Ndani yake mna maneno ya kusomwa, na mna maelekezo yanayoiambia simu iyaonyeshe vipi: kwa rangi gani, kwa ukubwa gani, na yapi yasionekane kabisa. Programu ya barua pepe inapotayarisha dokezo, kwa kawaida huchukua maneno ya kwanza inayoyakuta, hata kama yamefichwa. Kwa hiyo mtumaji huweka sentensi fupi juu kabisa, kisha huagiza isionyeshwe, au huipa herufi ndogo mno, au rangi nyeupe mahali peupe. Baada yake huweza kujaza nafasi tupu, ili maneno yanayofuata yasijipenyeze kwenye dokezo.

Kufanya hivyo si kosa. Bila sentensi hiyo, ungeweza kukuta dokezo linasema "Kama huoni barua hii vizuri, bonyeza hapa", nalo halikusaidii kitu. Dokezo jema, kama "Mkutano umesogezwa hadi Jumatano", hukupa habari hata kabla hujafungua.

Shida ni kwamba matapeli nao wanaijua njia hiyo. Mtu anayesubiri mkopo wa pembejeo akisoma "Mkopo wako umeidhinishwa", moyo humruka. Anafungua haraka, na ndani hakuna mkopo, kuna kiungo kinachomtaka ajaze namba ya siri. Matapeli pia huficha maneno ya kawaida ndani ya barua ili kuzibabaisha programu zinazochuja barua taka.

Basi tulichukulie dokezo kama sauti ya mpiga debe stendi: linakuita tu, safari yenyewe uihakikishe mwenyewe. Gusa jina la mtumaji uone anwani yake kamili, ukikumbuka kuwa hata anwani huweza kughushiwa. Dokezo likisema jambo moja na barua ikasema jingine, shtuka. Barua ikihusu fedha, usibonyeze kiungo; piga simu benki au chama chako cha ushirika kwa namba unayoijua tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Na namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha vipi.