Uasilia na Uhalisi: Mzozo wa Vipuri katika Magari Makongwe ya Spoti

Mafundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, hawaoni ajabu kung'oa ubao uliooza na kupachika mwingine mahali pake. Mwaka huu hubadilishwa mbao tatu, mwaka ujao mataruma mawili, kisha mlingoti, hata baada ya miaka mingi huenda kusisalie ubao hata mmoja wa zile za kwanza. Pamoja na hayo, nahodha hasemi kwamba amepata chombo kipya, wala jina halifutwi ubavuni. Wayunani wa kale walilijua fumbo hili kupitia merikebu ya Theseus. Plutarch anasimulia jinsi Waathene walivyoihifadhi kwa kubadilisha mbao zake, nao wanafalsafa wakagawanyika: kuna walioshikilia kuwa ni ile ile na kuna waliosema si yenyewe tena. Katika karne ya ishirini fumbo hilo lilitoka bandarini likaingia gereji, na huko likajipatia jambo ambalo wanafalsafa hawakuwa nalo, nalo ni bei.

Makala haya yanadhamiria kueleza mzozo uliopo baina ya wamiliki wa magari makongwe ya spoti: je, gari kama hilo lihifadhiwe na vipuri vyake vya kwanza, au libadilishwe ili liende vyema zaidi, lisimame upesi zaidi na kudumu zaidi? Ingawa suala lenyewe laweza kuonekana kuwa la mafundi na matajiri, kiini chake ni cha maana, na ndiyo sababu lina nafasi katika kurasa za wanafunzi wa lugha.

Kwanza ni muhimu kutenganisha maneno mawili ambayo wazungumzaji wengi wa Kiswahili huyatumia kana kwamba ni visawe. Asilia ni kile kilichokuwapo tangu chimbuko la kitu. Halisi ni kile ambacho ni chenyewe hasa, kisicho bandia. Kipuri chaweza kuwa halisi bila ya kuwa asilia. Mathalani, kabureta iliyoundwa na kiwanda kile kile mwaka 1985 na kufungwa katika gari la 1970 ni halisi bila shaka, ila si asilia kwa gari hilo. Wauzaji wa vipuri wa Grogan jijini Nairobi huridhika na mgawanyo wa pande mbili, 'jenuini' na 'feki', na kwa biashara yao mgawanyo huo watosha. Kwa mnunuzi wa gari kongwe hautoshi hata kidogo, kama ilivyodhihirika katika mahakama moja ya Uingereza.

Kesi ya Old Number One

Gari lililozua kesi hiyo ni Bentley aina ya Speed Six, linalojulikana kwa jina la Old Number One. Lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929 likiendeshwa na Woolf Barnato na Tim Birkin, na likashinda tena mwaka 1930 likiendeshwa na Barnato na Glen Kidston. Barnato huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni ya Bentley. Alishiriki Le Mans mara tatu, 1928, 1929 na 1930, na mara zote tatu akaibuka mshindi. Gari lake halikupumzika baada ya ushindi. Lilifanyiwa marekebisho msimu baada ya msimu, kama ilivyokuwa desturi ya magari yote ya mashindano, na mnamo 1932 likatiwa injini kubwa ya lita 8. Mwaka huo huo, katika uwanja wa Brooklands, dereva Clive Dunfee aliruka nalo ukingo wa juu wa barabara akafa. Mabaki yalichukuliwa, yakaundwa upya, na gari likarudi barabarani kama gari la kawaida la matembezi lenye paa.

Baadaye mmiliki wa wakati huo alikubaliana kuiuzia kampuni moja gari hilo kwa pauni milioni 10. Kampuni ikarudi nyuma. Ilidai kwamba kilichokuwa kikiuzwa hakikuwa Old Number One, kwa kuwa takriban kila kitu kilichoshinda Le Mans kilikuwa kimekwisha kuondolewa. Mwaka 1990 Jaji Otton alitoa hukumu ambayo hadi leo hutajwa kila panapozuka ubishi wa aina hii. Alikubali kwamba gari lile halingeweza kuitwa asilia, kwani vipande vya 1929 vilivyosalia ndani yake vilikuwa haba mno. Hata hivyo, alisema, hilo lilikuwa Old Number One halisi. Hapakuwa na wakati wowote ambapo gari lilitoweka au kuvunjwavunjwa hata likakoma kuwapo. Lilibadilika hatua kwa hatua, likiwa chombo kimoja chenye historia isiyokatika. Mnunuzi akalazimika kuutimiza mkataba.

Uzito wa hukumu hiyo umo katika neno historia. Jaji hakuhesabu parafujo. Alifuatilia mwendo wa kitu kimoja ndani ya wakati, na kwa kufanya hivyo akawa upande wa nahodha wa Matondoni. Hukumu hiyo pia huwapa nguvu wale wanaopenda mabadiliko, ingawa si kwa kiwango wanachodhani. Mwendo usiokatika wahitaji ushahidi: picha, stakabadhi, madaftari ya kiwanda, tarehe. Pasipo hayo, gari lililobadilishwa kila kitu ni mkusanyiko wa vipuri tu. Tena kuna balaa nyingine inayojulikana sana miongoni mwa wanunuzi wa magari ya bei ghali. Mtu mmoja huwa na injini ya gari fulani, mwingine huwa na fremu yake, kila mmoja huunda gari zima kutokana na kipande alicho nacho, na wote wawili hudai nambari ile ile. Hapo hoja ya historia isiyokatika hushindwa kuamua, kwa maana historia yenyewe imepasuka njia mbili.

Gari la Safari

Msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda Le Mans ili auelewe mjadala huu. Gari aina ya Datsun 240Z, lililozinduliwa mwishoni mwa 1969, lilishinda East African Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ushindi wa 1973 ulikuwa wa aina yake. Mehta alifungana kwa alama na Harry Källström, aliyekuwa pia katika Datsun, na mshindi akapatikana kwa kuangaliwa ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza alama.

Lile la dukani lilikuwa na injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, kabureta mbili, breki za diski mbele na za dramu nyuma. Bodi yake ilikuwa ya bati jembamba lililoingia kutu haraka, na huo ndio ugonjwa mkuu wa magari haya popote yalipo. Lile la Safari lilikuwa na mengine: bodi iliyoimarishwa, bamba la kukinga tumbo la gari dhidi ya mawe, taa kubwa za ziada, springi zilizochaguliwa kwa ajili ya mashimo na matope ya Afrika Mashariki. Sasa tuseme 240Z iliyoshiriki Safari imepatikana leo katika ghala fulani, na mmiliki ataka kuirejesha katika hali yake ya asili. Asili ipi? Akiirudisha kama ilivyotoka kiwandani Japani, atakuwa amefuta kile kilichoipa heshima. Katika gari la namna hii mabadiliko yenyewe ndiyo uasilia, na bonde lililo kwenye mlango laweza kuwa na thamani kushinda mlango mpya.

Kwa upande mwingine kuna 240Z nyingi za kawaida ambazo zimeng'olewa injini na kutiwa ile ya Chevrolet yenye silinda nane, hasa nchini Marekani. Wafanyao hivyo hujitetea kwamba gari lilikuwa la bei nafuu, liliundwa kwa maelfu, na mwenye gari ana haki ya kufurahia mali yake. Hoja hiyo haikosi mashiko. Ila wingi hupungua bila ya mtu kutambua. Kutu ilizila nyingi, mabadiliko yakachukua nyingine, na ile iliyobaki na injini yake ya kwanza, yenye nambari inayolingana na rekodi za kiwanda, leo hutafutwa kwa udi na uvumba. Mnamo 1997 kampuni ya Nissan yenyewe ilianzisha nchini Marekani mpango wa kununua 240Z kuukuu, kuzikarabati na kuziuza upya kwa takriban dola 25,000. Mpango haukudumu, lakini uliacha swali tamu: gari lililoundwa mara mbili na mwenye jina lake ni la mwaka gani?

Pale kiwanda kinapojisahihisha

Watetezi wa uasilia mtupu hupata taabu wanapofika kwa Porsche 911, iliyouzwa tangu 1964. Kwa muda mrefu vifaa vinavyokaza minyororo ya ndani ya injini yake vilikuwa na udhaifu: vikilegea, mnyororo huruka meno, vali hugongana na pistoni, na injini huharibika vibaya. Kiwanda chenyewe kilibadilisha muundo mwaka 1984 kwa kuleta vikazio vinavyosukumwa na mafuta ya injini, na wamiliki wengi wa magari ya kabla ya hapo wakavifunga katika yao. Anayekataa kufanya hivyo kwa sababu za uasilia anahifadhi kosa. Hali kadhalika, Kenya na nchi jirani zilipoachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, magari ya Uingereza kama vile MGB yalikabiliwa na tatizo jipya. Risasi ilikuwa ikikinga viti vya vali visilike. Ilipoondoka, viti vya chuma laini vikaanza kumomonyoka. Dawa ni kufunga viti vya chuma kigumu zaidi. Hakuna mtu mwenye busara anayeliita badiliko hilo usaliti.

Porsche iyo hiyo pia inaonyesha upande wa pili wa sarafu. Kampuni ya Singer, iliyoanzishwa huko California mwaka 2009 na Rob Dickinson, aliyekuwa mwanamuziki, huchukua 911 za kizazi kilichoundwa kati ya 1989 na 1994, huzivua bodi, huzivika nyingine ya nyuzi za kaboni yenye sura ya zile za miaka ya sitini na sabini, na kuzitia injini iliyoundwa upya. Kazi yao ni ya ustadi usio na kifani. Hata hivyo, kila gari wanalolimaliza lina taswira ya kizazi kimoja iliyopatikana kwa kuondoa kingine duniani. Magari ya 1989 yalipokuwa yakidharauliwa jambo hili halikumuuma mtu. Siku hizi nayo ni makongwe.

Hapa ndipo Shirikisho la Kimataifa la Magari Makongwe, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, lina la kusema. Kwa FIVA, gari la kihistoria ni lile lililofikisha angalau miaka 30, linalotunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria na lisilotumiwa kwa safari za kila siku. Mwaka 2012 shirikisho hilo lilipitisha Mkataba wa Turin, uliofuata nyayo za Mkataba wa Venice wa 1964 kuhusu majengo ya kale. Miongozo hii haikatazi kila badiliko. Inachosisitiza ni kwamba badiliko liwe haba, liandikwe, na ikiwezekana liweze kuondolewa. Mnamo 2017 kampuni ya Jaguar ilionyesha E-Type iliyotiwa mota ya umeme, na ikajinasibu kwamba mfumo huo ulikuwa na ukubwa na uzito unaokaribiana na ule wa injini ya petroli, hivi kwamba injini ingeweza kurudishwa baadaye. FIVA ilijibu mnamo 2019 kwa kukataa kuyatambua magari yaliyogeuzwa kuwa ya umeme kama ya kihistoria, huku ikiwashauri wale watakaoyageuza waziweke sehemu zote walizoziondoa.

Mwanafunzi wa fasihi hatashindwa kuona mfano wake. Wanamapokeo na wanamapinduzi wa ushairi wa Kiswahili walipozozana, hasa baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, hakuna utenzi hata mmoja wa kale uliopotea kwa sababu ya shairi huru kuandikwa. Vyote viwili vilikaa rafu moja. Gari halifanani na shairi katika jambo hili. Linakaribia zaidi muswada wa pekee ulioandikwa kwa hati za Kiarabu: mnukuzi aweza kuandika maoni yake pambizoni, aweza hata kunakili upya kwa tahajia yake mwenyewe, lakini akiukwangua wino wa kwanza ili aandike juu yake, hakuna mhakiki atakayeurudisha. Fundi anayechoma tundu katika fremu ili injini kubwa ienee anakwangua wino. Anayefunga vikazio vya 1984 na kuviweka vya kwanza sandukuni anaandika pambizoni.

Nchini Kenya suala hili lina dharura yake. Kanuni inayozuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka minane tangu kuundwa hufanya akiba ya magari makongwe itegemee sana yale yaliyokwisha kuwapo humu, yale ambayo baadhi yake huonekana katika mashindano ya Concours d'Elegance yanayofanyika Nairobi tangu 1970. Mafundi wa jua kali wanaoyahudumia ni hodari wa kuunda kipuri kisichopatikana tena popote, na gari nyingi zinakwenda leo kwa sababu yao. Kinachokosekana mara nyingi ni daftari. Stakabadhi ya usajili hubeba nambari ya fremu na ya injini, na injini inapobadilishwa nambari mpya huandikishwa. Ile kuukuu huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na pamoja nayo huenda ushahidi ambao Jaji Otton angeuitisha kwanza.