Kinywe cha Ruangwa, Grafini na Tiba ya Saratani kwa Kinga ya Mwili

Nachingwea hutajwa kwa nikeli ya kilima cha Ntaka, na jirani yake Ruangwa kwa kinywe cha Chilalo na Nachu. Kinywe ni kaboni iliyopangika tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja, lenye unene wa atomu moja, ndilo liitwalo grafini, na lilitenganishwa Manchester mwaka 2004. Grafini ikioksidishwa huweza kusambaa katika maji, na uso wake mpana hubeba antijeni za uvimbe hadi kwenye seli za dendriti, ambazo huzielekeza seli T kuitambua saratani. Msaada wa nanomateria uko katika ubebaji huo, kwani antijeni pekee aghalabu huvunjwavunjwa kabla ya kufika.

Hata hivyo, kinywe cha mgodini si dawa, ingawa matumaini hupenda kuruka hatua. Vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu hudhuru mapafu, na oksidi ya grafini yenyewe huweza kulimbikizana katika mapafu na ini. Kwa hiyo usafi wa malighafi na ukubwa wa vipande huchunguzwa kwanza, kabla ya ufanisi. Oksidi hiyo bado haijaidhinishwa kutibu saratani. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, mgonjwa hutibiwa kwa mionzi na dawa.