Namba 1 ya friji si digrii moja

Mama mdogo wangu, hapa Lubumbashi, aliniuliza aweke swichi ya friji kwenye namba gani. Nilimjibu bila kusita: 1, maana digrii moja iko karibu kabisa na barafu. Siku mbili baadaye, kilo tatu za samaki tomson alizowawekea wageni zilikuwa zinanuka. Hakunigombeza. Alisema tu: "Na wewe ndiye mwenye kusoma universite."

Kosa langu lilikuwa la usomaji. Namba za ile swichi ya kuzungusha si digrii. Zinaonyesha tu mashine ifanye kazi kiasi gani. Kwa friji nyingi, namba ikipanda, baridi inaongezeka. Kumbe 1 ndiyo baridi ndogo kuliko zote! Sisi tunaofundishwa kwamba alama na maana vimeunganishwa kwa mapatano tu, ilitupasa kulijua hilo. Na mapatano hayo si sawa kwa kila kiwanda. Kwa hiyo dawa ni kipimajoto.

Kitie katika glasi ya maji, iweke katikati ya friji, usome kesho yake asubuhi. Maji hayabadiliki upesi kama hewa, ambayo inapata joto kila mlango unapofunguliwa. Inatakiwa digrii 4 au chini kidogo, bila kufikia 0. Ikizidi, panda namba moja, ngoja siku nzima, upime tena. Kati ya digrii 4 na 60, vijidudu huongezeka haraka. Katika friza inatakiwa -18: hapo vijidudu vingi vinalala, lakini havifi. Samaki akiyeyuka, vinaamka.

Je, umeme ukikatika? Usifungue mlango. Friji iliyofungwa hulinda chakula kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa, saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Ukisafiri, gandisha kikombe cha maji na uache sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama, ujue barafu iliyeyuka ikaganda tena. Nyama na samaki wa humo usiwaamini, hata kama ni wagumu kama jiwe.

Leo swichi ya mama mdogo iko kwenye 4, na kipimajoto kinasoma 3. Aliniuliza kwa nini namba hizo mbili hazifanani. Safari hii nilikuwa na jibu.